Mikono Chini ya Mlango wa Chuma

Al Thumama,
Doha, Qatar.

Jumapili, 18 Januari 2026

Mpendwa kaka Joram,

Hamjambo huko Harrisburg? Wewe, shemeji Chelsea na watoto, natumaini mnaendelea vizuri na theluji haijawafungia ndani. Kifua chako je? Mara ya mwisho tulipozungumza ulikohoa mpaka mazungumzo yakakatika. Mimi sina ugonjwa, ila mgongo unaonisumbua kwa sababu ya viti vya chumba cha habari. Nala na nalala. Hapa kuna baridi kidogo sasa, ya kutosha watu kuvaa makoti waliyonunua kwa kujionyesha.

Najua umenikasirikia. Hupokei simu zangu, na shemeji hunijibu kwa neno moja moja. Ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikata katikati.

Ndugu yetu Japheth yu hai na hana jeraha. Habari ya kesi yake nitaifikia, usiruke kurasa. Mama amesikia maneno mengi kutoka kwa watu ambao hawakuwepo, nawe umeyasikia kwake. Mimi nilikuwepo. Nitakueleza nilichoona kwa macho yangu, kisha uamue kama bado una dada huku.

Nianze na kitu unachokijua kuliko mimi. Ulipokuwa mlinzi wa geti hapa Industrial Area, kabla hujapata nafasi ya chuo, uliandika katiba ya Umoja wetu wa wafanyakazi wa kambini. Ulikaa kitandani na kitabu cha historia ya Marekani, ukatuambia kwamba waanzilishi wa nchi ile hawakuwapa wananchi kazi ya kuchagua maseneta moja kwa moja. Wananchi walichagua bunge la jimbo lao, na bunge hilo likachagua maseneta wawili wa kwenda kuliwakilisha jimbo. Ulisema hiyo ni dawa ya makelele. Basi na sisi, watu wa vyumbani wakachagua wajumbe, wajumbe wakachagua wawakilishi wawili wa kambi, na wawakilishi wa kambi zote wakakutana katika Baraza Kuu. Watu wakaipenda. Mpaka leo wawakilishi hao wanaitwa maseneta, hata na Mnepali wa duka la kona.

Kila kambi uliipa mabaraza mawili: Baraza la Vyumba, mjumbe mmoja kwa kila chumba, na Baraza la Wazee, watu saba waliokaa Ghuba zaidi ya miaka kumi. Kisha ukaandika kwamba mabaraza ya kambi yatachagua maseneta. Hukusema kama yataketi pamoja na kura zote kutiwa chungu kimoja, au kila baraza litapiga kura kivyake na mtu ashinde kote kuwili. Miaka yote hilo halikumwuma mtu, kwa sababu mabaraza yalikuwa yakikubaliana.

Baada ya mambo haya nilikwenda kusoma. Kumbe ulikopa nyumba pamoja na ufa wake. Katiba ya Wamarekani nayo haikusema kama mabaraza mawili ya bunge la jimbo yaketi pamoja au mbalimbali. Bunge la kwanza la nchi lilipofunguliwa mwaka 1789, jimbo la New York halikuwa na seneta hata mmoja, kwa sababu mabaraza mawili ya bunge lake yalikuwa yakigombana juu ya namna ya kupiga kura. Wakapatikana Julai. Na hapo Pennsylvania unapoishi, kiti kimoja kilikaa kitupu tangu mwaka 1791 hadi 1793 kwa ugomvi huohuo. Wewe unafundisha historia. Nadhani hilo ulilijua, ukasahau kutuambia.

Mwaka jana, katikati ya joto, seneta mmoja wa kambi yenu ya zamani alimaliza mkataba akarudi Mbale. Kiti kikabaki wazi. Wazee walimtaka Japheth wetu. Vyumba vilimtaka Collins, dereva wa basi la kampuni, kijana wa Kiminini. Huenda humjui. Mpole, mrefu, anapenda kuchekesha abiria asubuhi. Vyumba ni ishirini na vinne, wazee ni saba. Kura zikitiwa pamoja, Collins ameshinda kabla ya kuanza. Zikipigwa mbalimbali, hakuna anayeshinda. Kila upande ukaisoma katiba yako na kuona ndani yake kile ulichokitaka.

Kisha Levis akafa usingizini. Alikuwa fundi bomba, mtu wa Busia. Kampuni ilitaka mtu mmoja wa kuzungumza naye kwa niaba ya jamaa, ndiyo desturi, na mtu huyo huwa ni seneta wa kambi. Wakaenda wawili. Japheth akasema seneta ni yeye, Collins akasema seneta ni yeye. Karani akawaambia watoke nje wapatane. Walipatana kwa ngumi kwenye maegesho ya magari. Levis akabaki mochwari, na nyumbani kwao maturubai ya mazishi yakafungwa, yakafunguliwa, yakafungwa tena.

Hapo chuki iliota meno. Mzee mmoja alimwagiwa mchuzi wa moto kifuani kwenye foleni ya chakula. Mjumbe wa vyumba akaamka akakuta godoro lake limepasuliwa kwa kisu kuanzia kichwani hadi miguuni. Hakuna aliyekiri. Kwa hiyo mzee Ndirangu, mwashi wa Nyeri ambaye ndiye mkuu wa Baraza la Wazee, aliitisha mkutano Ijumaa moja mwezi wa Oktoba. Ukumbi ulikuwa karakana ya matairi anayoisimamia Ronnie, yule Mganda mwenye sauti kubwa. Ijumaa karakana hufungwa, na mwanamke kama mimi anaweza kuingia, jambo lisilowezekana kambini. Ndirangu alinipigia simu mwenyewe. "Njoo uone, Nafula," aliniambia. "Wewe kazi yako ni kuona."

Nilikaa juu ya rundo la matairi karibu na mlango. Mlango wenyewe ni wa chuma, ule wa kuviringishwa juu kwa mnyororo. Ulikuwa wazi nusu ili hewa iingie. Nilipokelewa kwa maneno.

"Dada ya mgombea amekuja kuhesabu!" alisema Ronnie. "Leo tumekwisha."

"Sihesabu kitu, Ronnie. Naangalia tu."

"Basi angalia vizuri, dada. Uandike Waganda ni wazuri."

Watu wakacheka. Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho cha pamoja. Vijana wakaanza kudai kura ya chungu kimoja. Ndirangu akasimama, akasema kwa upole, "Nyinyi ni ishirini na wanne, sisi ni saba. Hicho si chungu cha kura, hicho ni cha kutupika."

"Mzee, kwani utaiva?" Ronnie akamjibu. "Nyama ya Doha, imekauka hiyo. Tutamaliza gesi bure."

Collins alimwambia Ronnie anyamaze. Nililisikia hilo kwa masikio yangu. Akasema, "Heshimu mzee, wee. Kura tutapiga, lakini heshimu mzee."

Wazee wakanong'onezana, kisha wakainuka wote saba kuelekea mlangoni. Ulikuwa ujanja, na ulikuwa ujanja mzuri, maana katiba yako inasema uchaguzi hauwi uchaguzi pasipo mabaraza yote mawili kuwepo. Wakitoka wao, hakuna kura. Ronnie akawahi mnyororo, akaushusha mlango mpaka karibu na sakafu.

"Hakuna mtu anatoka hapa! Mkitaka kulala, laleni, matairi yapo!"

"Fungua, kijana," Ndirangu alisema. Aliinama, akaweka mkono wa kulia chini ya ukingo wa mlango ili auinue apite.

Ronnie akaachia mnyororo. Sidhani aliuona ule mkono, lakini hakuangalia pia. Mlango ulishuka kwa uzito wake wote. Mlio wa chuma kugonga sakafu haukusikika, kwa sababu mlango haukufika sakafuni. Ulikomea kwenye vidole vya mzee. Ndirangu hakupiga kelele mara moja. Alifungua mdomo, akaangalia mkono wake kama wa mtu mwingine, ndipo sauti ikatoka.

Collins ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Aliruka, akapiga magoti, akaingiza mikono yake miwili chini ya mlango, akavuta kwenda juu. Mimi nilikuwa pembeni yake, sikuzuiwa na kitu. Niliona mishipa ya shingo yake. Niliona mlango ukipanda kiasi cha unene wa kidole, ukipanda tena. Alikuwa anainua, Joram. Mtu aliyekuwa nyuma yake aliona mgongo tu, na mikono imekaza kwenye mlango, na mzee analia chini.

Japheth alikuwa nyuma yake. Alichukua spana ya magurudumu, ile ndefu yenye umbo la msalaba. Alimpiga Collins upande wa kulia wa uso, penye jicho. Collins hakuachia mlango. Aligeuza kichwa kuona ni nani, na pigo la pili likamkuta tayani. Nilisikia mfupa ukivunjika. Ndipo akaachia, na mlango ukashuka mara ya pili juu ya vidole vilevile.

Baada ya hapo kila mtu alipigana na aliyekuwa mbele yake. Mjumbe mmoja aligongwa kichwa kwenye mashine ya kupimia magurudumu mpaka akalegea. Mzee mmoja wa jikoni, mtu wa kanisani, alimng'ata Ronnie sikio na hakuliachia mpaka damu ikamjaa kidevuni. Walirushiana jeki, nati, makopo ya grisi. Sakafu ilikuwa na mafuta, kwa hiyo walianguka, na aliyeanguka alikanyagwa. Nilipiga simu polisi na gari la wagonjwa. Nilivuta mnyororo mwenyewe, nikamwondoa mzee. Vidole viwili vilibaki vikining'inia kwa ngozi.

Polisi walipofika, Japheth alikuwa amekaa juu ya jeki, spana miguuni pake. Hakukimbia. Alisema kwa Kiswahili, kana kwamba wale askari wangeelewa, "Nimempiga aliyemwumiza mzee."

Jioni ile ulinipigia. Unakumbuka ulichoniambia? Ulisema, "Nafula, ulikuwa nyuma ya matairi. Hukuona kitu. Sema Collins alikuwa anakandamiza mlango, au sema hukuona." Ulisema Japheth akionekana alimtetea mzee, atafungwa kidogo, akionekana alimpiga mwokoaji kwa nyuma, atafungwa miaka. Hesabu yako haikuwa mbaya. Nilikuambia nilikuwa juu ya matairi, si nyuma yake. Ukanikatia simu.

Nilikwenda kituoni, nikatoa maelezo kwa mkalimani, nikasema alikuwa anainua. Niliulizwa kama Japheth ni jamaa yangu. Nikasema ni mtoto wa baba yangu mdogo, tumelelewa boma moja. Mkalimani aliniangalia, akauliza tena kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Niliweka sahihi. Sikulala vizuri wiki ile, na sikujuta.

Sikutaka Japheth alisikie kwa mwingine. Waliponiruhusu kumwona, kulikuwa na kioo kati yetu na simu ya kuongelea. Alikuwa amenyolewa. Aliuliza habari za mzee kwanza. Nikamwambia vidole viwili vimekatwa, vingine vitapona. Akasema, "Yule mshenzi." Nikamwambia nilichoona.

"Alikuwa anainua?"

"Alikuwa anainua, Japheth."

"Usinitanie, dada."

"Alikuwa amefika hapa," nikamwonyesha kwa vidole, "ulipompiga."

Aliweka simu chini polepole. Kisha akapiga kile kioo kwa paji la uso. Alipiga tena na tena mpaka damu ikachora mstari, askari wawili wakamvuta na kiti chake. Sikuruhusiwa kumwona kwa muda baada ya hapo.

Sasa Collins. Jicho la kulia liling'olewa kwa upasuaji. Taya lilifungwa kwa nyaya, akawa anakunywa supu kwa mrija. Nesi wa wodi yake alikuwa Cheryl, binti wa Kakamega ninayesali naye, na ni yeye aliyeniambia kinachomtesa mgonjwa. Kambini ilikuwa imeshaenea kwamba Collins ndiye aliyemkatia mzee vidole. Wenzake wa vyumbani hawakukanusha. Ronnie hasa hakukanusha, kwa sababu iliposemwa kwamba ni Collins, haikusemwa kwamba ni yeye. Mtu alimtumia Collins ujumbe kwamba Mungu amemlipa jicho kwa vidole.

Nilikwenda kumwona. Hakutaka niingie. Dada ya Japheth, angenitakia nini? Cheryl akamwambia kitu kimoja tu: kwamba yapo maelezo polisi yanayosema alikuwa akiinua mlango, na kwamba ni mimi niliyeyatoa. Nikaitwa.

Hakuweza kusema. Aliandika kwenye simu, akanigeuzia: "Kweli ulisema hivyo?" Nikaitikia. Akaandika: "Na ni ndugu yako." Nikaitikia. Kisha akaandika: "Mwambie mzee." Nilikuwa nimeshamwambia mzee. Ndirangu alikuja siku iliyofuata na mkono wake uliofungwa bandeji, akakaa kando ya kitanda, na sijui walichoongea kwa sababu walinitoa nje.

Hapa kuna kitu kinachoitwa tanazul. Aliyejeruhiwa anaweza kusamehe haki yake mbele ya mwendesha mashtaka. Haifuti kesi, dola inabaki na haki yake, lakini hakimu huipima. Sikumwomba Collins. Nisingemwomba, na wazee niliwakataza. Aliomba mwenyewe kukutana na Japheth.

Walikutanishwa katika ofisi ndogo, karani mmoja, mkalimani na mimi. Japheth alikuwa na pingu. Alianza kueleza mambo ya mabaraza na katiba. Collins, taya likiwa bado gumu, alimkatiza.

"Wacha hiyo. Ulinipiga kwa nini?"

Japheth akasema, "Nilikuwa nakutafutia sababu tangu maegesho."

"Sasa hiyo ndiyo kweli," alisema Collins. Akaweka sahihi. Hakumpa mkono, na Japheth hakuuomba.

Basi hii ndiyo habari uliyoruka kurasa kuitafuta. Hakimu ametosheka na muda ambao Japheth ameshakaa ndani, na ameamuru aondolewe nchini, asirudi Qatar tena. Anapandishwa ndege Jumatano. Atakuwa nyumbani Kimilili kabla barua hii haijakufikia. Ronnie naye ameshaondolewa. Mwili wa Levis ulikwenda Busia mwezi wa Novemba, ndugu yake alipokuja na kuzungumza na kampuni mwenyewe.

Kuhusu kiti, usijisumbue kututumia marekebisho. Niliwaambia wajumbe nilichosoma, kwamba Wamarekani wenyewe walihitaji mpaka mwaka 1866 kuweka utaratibu mmoja: kila baraza la bunge la jimbo lipige kura yake kwanza, na wasipokubaliana wakutane pamoja kila siku mpaka apatikane mtu. Hatimaye wakachoka, na mwaka 1913 kura hiyo wakawapa wananchi. Kambini wameruka moja kwa moja hadi mwisho. Watu wote wa vyumbani walipiga kura wenyewe, wakamchagua Kevin, fundi umeme ambaye hakuna aliyekuwa tayari kumpigania. Nadhani ndiyo sifa yake.

Unisalimie watoto, na umwambie shemeji Chelsea kwamba picha za kipaimara nilizipata. Ukimpigia Mama, mpe pole yangu. Mpe na salamu shangazi Nasimiyu, nimesikia goti limemzidi. Huku Cheryl na mzee Ndirangu wanakusalimu. Mzee anashika mwiko wa kujengea kwa mkono wa kushoto, ukuta unaenda mshazari, na bado anawatukana vijana.

Limebaki moja. Kampuni imemwachisha Collins kazi. Mtu wa jicho moja haruhusiwi kuendesha basi, na yeye hakutaka kufagia yadi. Alirudi Kiminini wiki iliyopita. Kutoka kwetu hadi kwao ni mwendo mfupi, na ndugu zake ni wengi, na Japheth anateremka Jumatano. Unajua desturi: mtu wa nyumba iliyoumiza ndiye anayetangulia kwenda, na baba hayupo, na mkubwa wa nyumba ni wewe. Simu haitoshi, wala kumtuma Mama. Omba ruhusa kazini, panda ndege, nenda mwenyewe kabla Japheth hajaanza kutembea barabarani. Useme mbele ya mama yake Collins kwamba mtoto wake alikuwa akiinua mlango. Collins akikukaribisha ndani, kaa upande wake wa kushoto, ili asilazimike kugeuza kichwa kukuona.

Mungu wa baba zetu akulinde njiani na akupe kinywa chepesi utakapofika.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata usipopokea simu,

Nafula